Kiholanzi cha Mkwe Wangu

Binti yangu aliporudi Tanga na mumewe Mholanzi, walipanga nyumba Pongwe, nami nikaendelea na cherehani yangu hapa Nguvumali bila wasiwasi wowote wa lugha. Kijana alikuwa amejifunza Kiswahili vizuri. Alijua kununua samaki, alijua kuuliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, na alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa. Kazi yake ilikuwa na wakulima wa mwani kule Tongoni. Maji yakitoka, yeye na wale akina mama wanaingia kwenye mashamba yao baharini, na simu inabaki ndani ya gari mpaka maji yarudi. Kumpata saa hizo ni bahati.

Kisha binti yangu akashika mimba, ya kwanza, na presha ikaanza kumpanda. Daktari akamwambia apumzike, asinyanyue kitu. Kwetu mimba ya kwanza mtu huletwa kwa mama yake, kwa hiyo aliletwa, nikamtandikia kitanda kwenye chumba ninachoshonea. Akawa analala ubavu, ananitazama nikishona sare za shule. Siku moja akaniambia kwamba mama mkwe wake anakuja kutoka Uholanzi, atakaa hapa hapa kwangu mpaka mtoto azaliwe.

"Karibu sana," nikasema. "Anajua Kiswahili?"

"Hajui."

"Kiingereza chake je, maana changu unakijua."

"Chake kama chako, mama. Ameishi shambani na ng'ombe maisha yake yote."

Nikasimamisha cherehani. Kijana atakuwa Tongoni, binti hatakiwi kusimama, na mimi nitakuwa jikoni na mama mtu mzima, mkwe wangu, ambaye siwezi hata kumuuliza kama chai imekolea sukari.

"Utajifunza," binti yangu akasema. "Sentensi za nyumbani tu, za kila siku. Nitakufundisha mwenyewe."

Alikaa kule miaka michache na mumewe, lugha anaijua. Mimi nilidhani sentensi za nyumbani ni chache. Chai, wali, maji, kulala, kuamka, kufunga mlango. Nilisema moyoni kwamba wiki moja itatosha.

Siku ya kwanza ilinidanganya. *Ik drink thee*, akasema, nakunywa chai. *Ik* ni mimi, *drink* ni kunywa, *thee* ni chai. Mimi, nanywa, chai. Nikasema kama ndiyo hivi, hawa watu ni jamaa zetu. Nikashona huku naimba ile sentensi, na sindano inakwenda nayo.

Siku ya pili akaniambia niseme kesho nitakunywa chai. Neno la kesho alishanipa, ni *morgen*. Nikalichukua nikaliweka mbele, nikasema, *Morgen ik drink thee*.

Akatikisa kichwa. "*Morgen drink ik thee*."

"Mbona mimi nimehamishwa?"

"Kwa sababu kesho imekaa mbele. Kitenzi lazima kiwe cha pili. Kesho ikishika nafasi ya kwanza, mimi anakwenda nyuma ya kitenzi."

"Nani kasema?"

"Ndivyo walivyo, mama."

"Kwa hiyo kesho nakunywa mimi chai, au chai inaninywa mimi?"

Akacheka mpaka akashika tumbo, nami nikaogopa nikamwambia anyamaze. Lakini nilikuwa nauliza kweli. Sisi neno letu la kitenzi linakuja na mtu wake ndani. Nitakunywa: mimi nimo humo, na kesho nayo imeshaanza kusikika humo. Ukiiweka kesho mbele, nyuma au katikati, hakuna anayehama. Nikawa nashona na kujisemea kimoyomoyo, nikiangalia kila mara nani kakaa wa kwanza na nani wa pili, na suruali ya mtoto wa watu nikaishona mguu mmoja ndani nje.

Mambo yakazidi alipofika kwenye vitu vilivyokwisha kutendeka. Nimepika wali, kwao, ni *Ik heb de rijst gekookt*. Akanifafanulia kipande kwa kipande. *Ik heb* ni kama kusema ninao. *De rijst* ni wali. *Gekookt*, huko mwisho, ndiyo kupika kwenyewe.

"Yaani nasema ninao, kisha nasema wali, kisha ndiyo nasema nimeufanya nini?"

"Ndiyo."

"Ningeweza kuwa nimeumwaga."

"Ungeweza."

"Na mtu anayenisikiliza, pale katikati, anafikiri nini?"

"Anasubiri," akasema binti yangu.

Kukanusha nako kuliniumiza kichwa. Ukitaka kusema sikuelewi, unasema *Ik begrijp je niet*. Nakuelewa wewe, kisha ndiyo inakuja hapana. Mimi nikiwa na hapana yangu naitanguliza, msikilizaji anaijua tangu nafungua mdomo. Kwao unaweza kumwambia mtu unamwelewa, unampenda, unamjua, na yeye anafurahi kabisa, halafu neno moja dogo mwishoni linakuja kuvunja kila kitu. Nilimuuliza binti yangu kama watu hawagombani kwa ajili hiyo. Akasema wao wanasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia hata mimi nasikiliza mpaka mwisho. 

Hatukufika mbali. Wiki ile ile presha ilipanda tena, miguu ikavimba, na daktari akaamuru alazwe hospitalini mpaka siku ya kujifungua. Siku mbili baadaye mama mkwe wake akafika. Kijana alimleta mpaka mlangoni, akaingiza sanduku, akakaa kidogo, akaondoka kuwahi maji.

Mama yule alikuwa mrefu, nywele za mvi zimekatwa fupi, mikono mikubwa kama ya mwanamume. Alinizidi umri, kwa hiyo nikamwambia, "Shikamoo, mkwe."

"Shikamoo," akasema.

Nikangoja, nikidhani atarekebisha. Hakurekebisha, akawa ananitazama kwa furaha, na mkono bado umeshika wangu. Sikutaka kumwacha hivyo, nikamwitikia marahaba, mimi mdogo. Tangu siku ile kila asubuhi alinipa shikamoo na mimi nikapokea, na majirani wakasikia, na sikuwa na sentensi ya kumweleza.

Simu yake kubwa ilikuwa na kitu cha kutafsiri. Alikuwa anaisemesha kisha inanisemesha mimi kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. Siku ya kwanza iliniambia nifunge sahani. Nikachukua sahani, nikaitazama, nikaifunika na kawa. Mkwe wangu naye akaitazama ile kawa. Mara nyingine iliniambia kwamba yeye ni moto mkali, na nadhani alitaka kusema anaona joto, kwa sababu ni kweli lilikuwa joto la Februari. Kisha bando likaisha, na kila tulipoliongeza liliisha tena, mwisho tukaiacha simu ipumzike.

Tukapangana hivi: asubuhi mkwe wangu anapeleka uji hospitalini na kukaa na mkazamwana wake, mchana mimi napeleka chakula na kukaa mpaka jioni. Siku moja ya mwanzo, kabla hajatoka, alisimama mlangoni akasema sentensi ambayo niliielewa neno kwa neno, na kwa kuielewa nikafurahi mno. *Vanmiddag eet ik hier*. Mchana huu nakula mimi hapa. Hata yule mimi niliona kahamia mahali pake. Nikageuka upesi kwenda jikoni, maana mchana una mambo, na nyuma yangu nikasikia kama amekohoa au ameongeza kitu.

Nikapika bada, ule ugali wetu wa muhogo, nikapika samaki changu wa nazi, nikatengeneza na kachumbari ya ndimu. Nikapakua, nikafunika. Mchana ukapita, mkwe haonekani. Chakula cha mgonjwa ilibidi nimpe mtoto wa jirani akipeleke, maana nilimngoja mgeni. Alirudi jua limeshuka, akaona ile meza, akaniona mimi nimekaa pembeni yake. Akaweka mkono kifuani.

"*Niet*," akasema pole pole. "*Vanmiddag eet ik hier niet*."

Lile alilokohoa ndilo lilikuwa neno lenyewe. Mwanawe alikuja kumchukua mchana ule wakale pamoja mjini. Hata hivyo alikaa, akavuta kiti, akala bada iliyopoa pamoja na changu wote wawili, ingawa nilijua ameshiba. Sikuweza kumwambia aache. Sentensi ya acha sikuwa nayo.

Nilipokwenda kumsimulia binti yangu kitandani, akacheka kidogo kidogo, maana alishakatazwa kucheka sana. "Mama, subiri mpaka mwisho. Usiinuke kabla sentensi haijaisha."

"Nitajuaje imeisha?"



Baada ya hapo nikawa nasubiri. Nilisubiri hata pale pasipokuwa na haja. Mkwe akiomba chumvi, nashika chungu cha chumvi na kubaki nacho mkononi, namtazama mdomo, nione kama kuna kingine kinakuja. Naye akawa ananitazama, hajui ninachotaka.

Taabu ikawa kwenye milango. Kwao kufungua na kufunga mlango kunaanza na maneno yale yale. *Doe de deur*, halafu *open* au *dicht*, na ni hilo la mwisho tu linalokwambia ufanye nini. Mlango wa bafu langu ni wa mbao na mvua ikinyesha unavimba. Asubuhi moja mkwe wangu alikuwa ndani anaoga, tangi la juu linaingiza maji kwa kishindo, nikamsikia akiita. *Doe de deur*, kisha kishindo cha maji. Nikaenda nikakuta mlango umeachia kidogo juu, kwenye kona, kama unavyofanya siku zote. Nikasema masikini, mama wa watu anaona haya, anataka ufungwe. Nikausukuma ukakaza.

Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nikausukuma zaidi. Nikaegemea na bega.

Hapo akabadilisha, akatumia Kiswahili. "Funga," akasema. "Mama, funga. Funga."

"Nimefunga, mkwe," nikamjibu. "Nimefunga, usiwe na wasiwasi."

Naye akipiga mlango kwa ndani, nami nikiushikilia kwa nje. Sijui tulikaa vile muda gani. Nikaanza kujiuliza ni haya ya namna gani hii, mpaka mtu apige mlango. Mwisho tangi likajaa, maji yakanyamaza, na katika ule ukimya akasema kwa kukata tamaa, neno moja tu: "*Open*." Nikauachia. Mlango wenyewe ulikuwa umekwama, ikabidi niuvute kwa mikono miwili, akatoka amejifunga kanga yangu, uso mwekundu, jasho linamtoka kuliko kabla ya kuoga.

Nikamwonyesha kwa mkono. Mlango nikaufunga: "Funga." Nikaufungua: "Fungua." Akasikiliza kwa makini sana. "Funga," akasema, akionyesha mlango ulio wazi. "Funga?" Nikarudia. Nikaona wazi kwamba masikio yake hayapati tofauti yoyote. Kumbe na sisi tofauti yetu iko mwishoni, kasauti kadogo tu, na sikuwahi kuliona hilo tangu nizaliwe. Tukasimama pale mlangoni kwa muda, kila mtu anasema la mwenzake, hakuna aliyepatia.

Siku yenyewe ninayotaka kuisimulia ilikuja bila dalili. Mkwe alitoka asubuhi na chupa ya uji kama kawaida. Mimi nilikuwa jikoni nakamua nazi kwa ajili ya mchuzi wa mchana. Nikasikia bajaji inasimama nje, nikaona ajabu, maana haikuwa saa yake ya kurudi. Akaingia. Chupa ya uji ilikuwa mkononi, na alivyoiweka mezani nilijua kwa mlio wake kwamba bado imejaa. Haijaguswa.

Akasimama mlangoni mwa jiko. Nywele zimemsimama, kanga niliyomfunga asubuhi imelegea.

"*Ze hebben haar vanmorgen*," akasema.

Nikamsikiliza kama nilivyofundishwa. *Ze* ni wao. *Hebben*, wamekwisha kufanya jambo. *Haar*, yeye, mwanamke. *Vanmorgen*, asubuhi hii. Wao, asubuhi hii, yeye, wamekwisha kumfanya. Nikasubiri. Tui linanichuruzika kwenye vidole, nami nasubiri neno.

Halikuja. Mkwe wangu akafunika mdomo kwa ule mkono wake mkubwa, akaanza kulia. Si machozi ya kufuta na upindo wa kanga. Alilia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, akateleza mpaka chini pale kizingitini.

Wamemfanya nini? Wamemruhusu arudi nyumbani? Wamemhamisha? Kila kitenzi ninachokijua kwa Kiswahili kilinipitia, na vile vibaya vilikuja kwa wingi kuliko vizuri. Kama angekuwa mtu wa kwetu, hata angeishiwa pumzi, lile jambo lingekuwa limeshatoka. Angelisema kwanza, kisha alie anavyotaka. Huyu alinipa kila kitu, ameniambia ni akina nani waliotenda, ni nani katendewa, na lini, akabaki nalo lile moja.

"Mkwe," nikamwambia. "Mkwe, malizia."

Akalia. Nikatafuta kichwani cha kumuuliza. Kila sentensi niliyokuwa nayo ilikuwa ya chai na wali.

Jirani yangu, mama wa nyumba ya ukuta mmoja na yangu, akasikia kilio akaingia bila hodi. Akamwona mgeni sakafuni, akaniona mimi na mikono ya nazi.

"Kuna nini?"

"Sijui."

"Kasemaje?"

"Hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Kusema. Kitenzi chao kinakuja mwisho."

Akanitazama kama niliyerukwa na akili. Kisha nikaona uso wake unabadilika, midomo inaanza kulitamka lile neno la Kiarabu tunalolisema msiba ukifika. Nikamwekea mkono mdomoni, na nazi yote.

"Usiseme," nikamwambia. "Usiseme bado."

Akatoka taratibu. Baada ya muda nikasikia ukumbini kwake mkeka unaburutwa, na sauti za wanawake wengine wakiulizana chini chini.

Nikampigia binti yangu, simu imezimwa. Nikampigia mumewe, ikaita mpaka ikakata, nikapiga tena ikaita mpaka ikakata. Maji yalikuwa yametoka. Nikachutama mbele ya mkwe wangu, nikamshika magoti, nikamuuliza kwa neno moja tu, "*Baby*?"

Akatikisa kichwa kukubali, na kilio kikaongezeka. Kukubali nini, sikujua.

Akainuka mwenyewe, akaenda chumbani. Mfuko wa hospitali nilishauandaa siku nyingi: kanga, na vinguo vya mtoto, na soksi zake. Akaumwaga wote kitandani. Akachambua, akazikusanya kanga, akazikunja juu ya mkono. Vinguo akaviacha. Nilisimama mlangoni nikaviona vimebaki pale juu ya shuka, vidogo, vimetawanyika, na mwenye kuvitoa ndiye aliyetoka hospitalini, ndiye anayejua. Sikulia. Nilidhani nikilia nitakuwa nimekubali jambo ambalo hakuna mtu aliyelisema.

Tukaingia kwenye bajaji iliyomleta. Njia nzima alinishika mkono na kuongea. Aliongea mfululizo, na nadhani vitenzi vyote vilikuwamo humo, lakini kwa ile injini na vile nilivyokuwa, nilisikia *ik* na *ze* na *niet*, na kila *niet* ilinichoma, maana sikujua inakanusha nini. Dereva akaniuliza kwa kioo, "Mama, mzungu anasemaje?" Nikamwambia endesha, mwanangu.

Wodini muuguzi mmoja kijana alikuwa mlangoni, akanifahamu. "Mama, shikamoo. Hongera. Mtoto wa kike."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Presha ilipanda ghafla alfajiri, akasema, daktari akaona wasingoje, wakampasua. Mama anaamka sasa hivi, hali yake nzuri, mtoto mzima. Kisha akaangalia zile kanga mikononi mwa mkwe wangu. "Na nguo za mtoto ziko wapi? Tulimwambia mzungu alete kanga na nguo za mtoto."

Kumbe katika yale maneno aliyotumwa, moja tu ndilo alilolijua. Kanga.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Sikumbuki kama nilisema alhamdulillahi kwa sauti au moyoni. Mkwe wangu akakaa ubavuni pangu. Alikuwa ametulia sasa, anajipangusa pua. Akanigeukia, na kama mtu anayerudi kuchukua kitu alichokisahau dukani, akasema:

"*Geopereerd*."

Basi ndilo hilo. *Ze hebben haar vanmorgen geopereerd*. Wamempasua asubuhi hii. Neno lenyewe nilikuwa silijui, halikuwa katika sentensi za nyumbani. Hata angelimaliza pale jikoni, sina hakika kama ningeelewa. Ndilo jambo linalonichanganya mpaka sasa. Nililingoja neno kwa roho mkononi, na kumbe lingefika lingenikuta bado sijui.

Mumewe binti yangu alifika mchana, suruali imelowa chumvi mpaka magotini. Nyumbani mkeka wa jirani ulishatandikwa, na wanawake waliokuja kwa jambo lile lingine wakabaki kwa jambo hili. Jirani yangu mwenyewe alimalizia ule mchuzi wangu wa nazi, akaongeza na wa kwake, tukala.

Siku zilipotulia, nilimwomba kijana amuulize mama yake kwa nini alilia vile, ikiwa kila mtu alikuwa salama. Walikuwa wamekaa barazani kwangu, mtoto amelala mapajani kwa bibi yake wa Uholanzi. Akamuuliza. Mkwe wangu akajibu. Alijibu kwa muda mrefu, akitazama barabarani, akisimama na kuendelea, na mara moja akafumba macho. Alipomaliza, mwanawe akajikuna shingo.

"Anasema alichoka," akaniambia.

"Yote hayo ni kuchoka?"

"Alichoka sana."

Nikaona kwamba hayo mengine hayakuwa yangu, au hayakuwa ya kupitia mdomo wa mtoto wake wa kiume. Nilimuuliza na binti yangu baadaye, akasema hakuambiwa. Sijauliza tena.

Mkwe wangu alikaa mpaka arobaini ikaisha. Zile sentensi tuliziacha. Tuliishi kwa neno moja moja: maji, *baby*, uji, *thee*, *open*. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto kama nilivyomwonyesha, na kwa mikono ile aliyokamulia ng'ombe alikanda vizuri kuliko mimi. Siku ya kuondoka alinipa shikamoo yake na mimi nikaipokea mbele ya mtaa mzima.

Sasa mjukuu wetu ana miaka mitatu, na kwa mchana huletwa kwangu akae nami nikishona. Baba yake anamsemesha Kiholanzi, mama yake anachanganya, mimi nampa Kiswahili changu. Juzi alikuja akasimama mbele ya cherehani. "Bibi, nataka maji kunywa."

Nikamwambia, "Sema nataka kunywa maji."

"Nataka maji kunywa," akasema, bila ubishi, kama mtu anayenisaidia nisikie vizuri.

Mama yake alipokuja kumchukua nikamuuliza kama hicho ni Kiholanzi kilichovaa Kiswahili. Akasema huenda. Kisha akafikiri, akasema hata bibi mmoja jirani husema hivyo akiwa na kiu sana, maji nataka, maji, kunywa. Tukalijaribu sote wawili mara kadhaa, kwa sauti, nataka maji kunywa, na kadiri tulivyolirudia ndivyo nilivyozidi kutojua kama lina kosa. Mtoto alikuwa amekaa chini, anachezea vipande vya vitambaa, kikombe kitupu pembeni yake.

Bado sijaamua kama nimsahihishe.